Kuchagua hoteli katika mji wa kasino kwa msafiri wa kikazi

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh wetu. Mimi ni injinia wa mitambo katika kampuni moja ya machimbo ya shaba hapa Lubumbashi. Kampuni inanituma pamoja na wenzangu kwenye maonyesho ya vifaa vya machimbo yaitwayo MINExpo yatakayofanyika Las Vegas, Marekani, tarehe 24 hadi 26 Septemba 2024. Tutafika Jumatatu tarehe 23 na kuondoka Ijumaa tarehe 27 asubuhi. Ofisi inapendekeza hoteli kubwa yenye kasino, lakini mhasibu amesema naweza kuchagua nyingine mradi nisivuke pesa za misheni, yaani posho ya safari ya kikazi. Je, inajuzu kulala humo? Sala zangu zitakuwaje? Na nikipewa tikiti ya bure ya kuchezea mashine, au mkubwa wangu akitaka nimsindikize tu, nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kukata chumba, kwa sababu wengi hutuletea maswali ya safari wakiwa wamekwisha rudi, na wakati huo kilichobaki ni toba tu. Jibu langu ni kwamba, madamu umepewa nafasi ya kuchagua, chagua hoteli isiyo na kasino. Sithubutu kusema kwamba usingizi wa Muislamu katika hoteli yenye kasino ni haramu kwa dhati yake, lakini kwa mtu mwenye hali kama yako sioni udhuru wa kuitaka hiyo na kuiacha nyingine.

Asili ya kukodi chumba ni halali, kwa kuwa unacholipia ni kitanda, maji na paa, na manufaa hayo yanaruhusiwa. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki hali deraya yake imewekwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kwa familia yake. Wanavyuoni wamechukua hapo kwamba kufanya biashara ya halali na mtu ambaye mali yake imechanganyika halali na haramu hakumwingizi Muislamu katika dhambi za mtu huyo. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kila dola inayoingia katika hoteli ya namna hiyo ni sawa na kucheza kamari wamekaza mahali ambapo sharia haikukaza.

Hata hivyo, swali lako halimaliziki kwenye mkataba wa chumba. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ametaja ulevi na kamari pamoja, akaviita uchafu katika kazi ya Shetani, akatuamrisha tujiepushe navyo, kisha akatueleza sababu: Shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu kwa vitu hivyo, na kutuzuia tusimkumbuke Mwenyezi Mungu na tusisali. Ukiitafakari aya hiyo, utaona kwamba tumetakiwa kukaa mbali na jambo lenyewe, wala haitoshi kulikaribia huku tumejizuia kuligusa. Na hapa ndipo hoteli za mji ule zinapotofautiana na hoteli ya kawaida yenye baa ambayo sote tunaijua hapa kwetu.

Jimbo la Nevada liliruhusu kamari kisheria mwaka 1931, na hoteli kubwa za Las Vegas zimejengwa kwa hesabu ya kamari tangu msingi wake. Kwa kawaida ukumbi wa mashine na meza za karata uko chini, katikati ya jengo, na mgeni anayetoka mapokezi na mzigo wake hawezi kufika kwenye lifti bila kupita kando ya mashine hizo zinazolia na kumetameta. Mara nyingi ukumbi hauna dirisha wala saa ya ukutani, ili aliyekaa asijue kama Magharibi imeingia au alfajiri imepambazuka, na wahudumu huzunguka na sinia za pombe ambayo anayecheza hupewa bure. Fikiria, ndugu yangu, kwamba utapita hapo unapokwenda kazini, unaporudi umechoka, na kila unaposhuka kutafuta chakula. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Furqan aya ya 72, amewasifu waja wake kwamba wakipita penye upuuzi hupita kwa heshima, na aya hiyo ni faraja kwa aliyelazimika kupita. Lakini kupita kwa kulazimika ni jambo moja, na kuichagua njia hiyo kwa hiari, siku baada ya siku, ni jambo jingine.

Ugumu wa kupata hoteli nyingine si mkubwa kama watu wanavyodhani. Ipo Renaissance, jirani kabisa na jumba la Las Vegas Convention Center ambako maonyesho yenu yatafanyika, nayo haina kasino. Utakwenda kwa miguu. Ipo Vdara, iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo nayo haina kasino wala hairuhusu kuvuta sigara ndani, ingawa iko mbali zaidi na jumba hilo, na kwa kawaida bei yake iko juu. Hoteli za namna hii bado zina pombe katika mikahawa yake, kwa hiyo usidhani umeingia mahali patakatifu, lakini mlango wako na kitanda chako havitatenganishwa na meza za kamari. Kabla ya kulinganisha bei, uliza malipo ya ziada ya kila usiku ambayo hoteli nyingi za mji huo hutoza, kwa maana yanaweza kufika dola 50 na zaidi kwa usiku mmoja, na unafuu ambao ofisi yenu imeuona unaweza kuwa umeishia hapo. Vilevile waombe waondoe pombe katika friji ndogo ya chumbani. Baadhi ya friji hizo zina kifaa kinachoandika deni mara tu chupa inaposogezwa, na si vizuri kampuni ipokee hati ya malipo yenye jina lako na bia ambayo hukuinywa.

Ikitokea kwamba vyumba vimejaa, au ofisi imekwisha lipa na pesa hairudi, basi lala huko wala usiutese moyo wako, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametuambia tumche kadiri tuwezavyo. Uliza mapokezi kama kuna mlango wa pembeni, pita bila kusimama, wala usiagize chakula katika meza zilizo ndani ya ukumbi huo.

Kuhusu tikiti ya kuchezea, nitasema kwa urefu kidogo, maana ndiyo inayowaangusha watu waadilifu. Hoteli humpa mgeni kadi au tikiti yenye thamani ya dola kadhaa, na mtu hujiambia kwamba hakuweka chake, basi hakucheza kamari. Hiyo si hoja. Thamani hiyo haikutolewa uinunulie mkate, imetolewa uiweke kwenye mashine, na kinachotoka hapo ni pato la kamari ambalo Muislamu hawezi kulimiliki. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa anayemwambia mwenzake, "Njoo tucheze kamari," na atoe sadaka. Ikiwa neno tu, kabla mkono haujagusa kitu, limehitaji sadaka ya kulifuta, tutasema nini juu ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza? Irudishe tikiti hiyo mapokezi, wala usimpe mwenzako asiye Muislamu, kwa sababu tumekatazwa kusaidiana katika dhambi.

Nimekaa na vijana wa mitaa ya Kamalondo na Kenya hapa Lubumbashi ambao walianza na pari, yaani kamari ya mechi za mpira, kwa faranga chache, wakaishia kuficha mshahara kwa wake zao, na karibu wote hunieleza kwamba mara ya kwanza walicheza kwa pesa ya mtu mwingine. Ndiyo maana siwezi kuliona jambo hili kuwa dogo.

Mkubwa wako akikuambia umsindikize, mheshimu kama kawaida, mtumikie katika kila kazi iliyowaleta, na umwambie waziwazi kwamba dini yako hairuhusu kukaa penye kamari na pombe. Katika Suratun Nisaa aya ya 140 tumekatazwa kukaa na watu wanaozifanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine, na wanavyuoni wamelinganisha na hilo vikao vya maasi. Mwalike mle pamoja mahali pengine. Kumkatalia ukumbi hakukulazimishi kumtenga mtu.

Sala yako chumbani ni sahihi, kwani ardhi yote imefanywa kwetu kuwa mahali pa kusujudu. Kibla cha Las Vegas ni kaskazini, kikiinamia kidogo mashariki, karibu sana na kile tunachokielekea hapa Lubumbashi, jambo ambalo huwashangaza wengi. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, husali kwa ukamilifu. Wewe utakuwa na siku tatu tu kamili, yaani tarehe 24, 25 na 26, kwa hiyo unaweza kupunguza na kukusanya. Maonyesho yakikushika mchana, nuia ndani ya wakati wa Adhuhuri kwamba utaichelewesha, kisha uzisali Adhuhuri na Alasiri utakaporudi chumbani, kabla Magharibi haijaingia. Katika siku hizo Magharibi huingia huko baada ya saa 12 na nusu jioni. Ijumaa haikulazimu ukiwa msafiri.

Limebaki suala la pesa za misheni. Ikiwa kampuni imekupa kiasi cha jumla bila kudai hati za malipo, kinachobaki ni chako. Ikiwa inalipa kwa hati, hoteli ikigharimu pungufu ya ulichopewa, urudishe tofauti kwa mhasibu, na bei ikizidi kiwango, ziada utoe mfukoni mwako wala usiombe iandikwe kwa jina jingine. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.