Muuguzi mpya kwenye kituo cha afya: hofu ya zamu za kwanza na namna ya kuishika

Wagonjwa wa Kadutu na Bagira, komuni za mji wa Bukavu huku Kongo, hawaulizi diploma. Ukishavaa koti jeupe unaitwa "dokta" tangu asubuhi ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanaanza kujiona kama wameiba jina la mtu. Hospitali kuu ina daktari chumba cha pili. Kituo cha afya hakina: muuguzi ndiye anayepokea, anayepima, anayeandika dawa na anayeamua nani apelekwe mbele. Daktari yuko kwenye simu, kama mtandao upo. Mzigo huo ungemtisha yeyote ambaye mikono yake bado haijazoea.

Wasiwasi wa "mimi sijui kitu" hauna dawa, kwa sababu ndani yake hamna swali. Jibane mwenyewe: sijui nini hasa? Uzito wa mtoto? Dozi? Kama aondoke usiku huu au asubuhi? Kila moja lina mahali pa kulijibia: mizani, ordinogramu (mchoro wa hatua za matibabu) iliyo mezani, simu ya msimamizi wa zone ya afya. Anza na lile linalojibika sasa hivi.

Mtoto akiingia na homa na kikohozi, mama analia, nawe kichwa kimekuwa cheupe, usianze kuwaza majina ya magonjwa. Fuata PCIME, mwongozo wa kuhudumia magonjwa ya watoto, kwa mpangilio wake hata kama unaona unachelewa. Anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, haamki? Jibu moja tu la hatari linatosha: mpe matibabu ya kwanza, umpeleke mbele. Kisha hesabu pumzi dakika nzima, sekunde 60, mtoto akiwa ametulia kwa mama yake. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 ndiko kunakodanganya, maana watoto hawahemi kwa mwendo mmoja. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Na dakika hiyo inakufaa hata wewe: macho kwenye tumbo la mtoto, mdomo unahesabu, mikono inaacha kutetemeka.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya dozi, na ina haki yake. Chukua artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, ile chupa ya miligramu 60 yenye ampuli ya bikaboneti. Unaanza na mililita 1 ya bikaboneti, unatikisa mpaka dawa iwe maji safi. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za seramu ya chumvi, kila mililita inabeba miligramu 10. Kwa msuli unaongeza 2 tu, kila mililita inabeba miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 10 anahitaji 30: mililita 3 kwa mshipa, au 1.5 kwa msuli. Kosa linalozaliwa saa nane za usiku, umeme umekatika na tochi ya simu iko mdomoni, ni kuchanganya njia hizo mbili. Ukivuta 3 kutoka kwenye mchanganyiko wa msuli umempa mara mbili, ukivuta 1.5 kutoka kwenye ule wa mshipa umempa nusu. Basi andika njia, "msuli" au "mshipa", kwenye plasta na uibandike kwenye chupa kabla ya kuvuta, kisha soma hesabu kwa sauti mbele ya mwenzako, hata kama ni mkunga aliyekuwa anasinzia. Na soma karatasi ya ndani ya boksi, maana si aina zote zinazochanganywa sawa.

Kumpigia mkubwa simu usiku kunawatesa vijana kuliko inavyostahili. Kinachomkera mkubwa ni simu isiyo na kichwa wala miguu. Andika kwanza mistari minne: nani, vipimo, ulichofanya, unachoomba. "Dokta, samahani kwa saa hii. Mtoto wa miezi 9, kilo 8, pumzi 62, kifua kinaingia ndani, hanyonyi. Nimempa dozi ya kwanza. Naomba kumpeleka sasa." Hapo hakuna wa kukuita mjinga.

Halafu kuna jambo ambalo ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, haifundishi: wewe ni A1 mpya, muuguzi wa ngazi ya chuo, na anayekupokea ni A2, wa ngazi ya sekondari, mwenye miaka 20 kazini. Anakupita mbali kwa mikono, na pengine unampita kwa itifaki mpya. Mwombe akuonyeshe jinsi anavyopata mshipa wa mtoto aliyekauka maji. Mkitofautiana kuhusu dozi, fungueni ordinogramu pamoja, pembeni, wala si mbele ya wagonjwa. "Mzee, tuangalie pamoja" inafungua milango mingi.

Anayerudi nyumbani na wagonjwa kichwani mara nyingi hakuwakabidhi vizuri. "Kitanda cha tatu anaendelea" si makabidhiano. Andika vipimo vya mwisho na saa yake, dozi inayofuata ni saa ngapi, na dalili gani ikitokea aitwe nani. Swali likikufuata mpaka kitandani, liandike kwenye daftari dogo bila jina la mgonjwa, ulitafutie jibu asubuhi.

Mgonjwa akifa mikononi mwako, andika mfululizo siku ileile: alifika saa ngapi, alipimwa nini, gari liliitwa saa ngapi. Kuchelewa kuko kwa aina tatu: kuamua nyumbani, njiani, na kupata huduma baada ya kufika. Kwenye mvua na miteremko ya Bukavu mbili za kwanza zinakula saa nyingi, lakini muuguzi mpya hujibebesha zote tatu. Kikao cha kupitia kifo, kama kinaendeshwa inavyotakiwa, hutafuta pengo lilikuwa wapi. Kikigeuka mahakama, daftari lako la saa ndilo litakalokusemea.

Kuhusu kulala: usijidunge wala kumeza diazepamu, dawa ya kutuliza, ya duka la dawa la kituo, na kasiksi, pombe ya ndizi, si dawa ya usingizi. Vyote viwili vinakulaza na kuharibu usingizi wenyewe, na diazepamu inazoeleka upesi. Mshahara wa Serikali ukiwa bado haujafika, na wengi huishi hivyo muda mrefu kwa mgawo wa mapato ya kituo, uchovu na njaa hujificha ndani ya "sina uwezo". Kula kabla ya zamu.

Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, huzuni haiondoki, huli au hulali, umeanza kuwachukia wagonjwa au kuwaza kufa, hapo umeshakuwa mgonjwa, nawe unastahili konsultasio. Mawazo ya kufa hayasubiri hizo wiki mbili: mwambie mtu leo, usilale peke yako. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili. Ukiogopa kuonekana pale, anza na mhudumu wa kisaikolojia wa zone nyingine. Nenda na karatasi ya wiki moja: saa za kulala, saa za kuamka, zamu ulizofanya, dawa au pombe uliyotumia. Itamwokolea muda, nawe hutalazimika kutafuta maneno ya kuanzia.