Jibu: mashine ya nukta kwa makabati ya bati

Mdogo wangu wa Katuba, Lubumbashi, unasema bageti, kile kijiti cha kulehemu kwa umeme, inatoboa bati jembamba la makabati yako, na unauliza kama mashine ya nukta, ile inayolehemu mabati kwa nukta ndogondogo, itafaa. Itafaa sana.

Mabati mawili yanabanwa kati ya ncha mbili za shaba, kisha umeme wa maelfu ya ampea, wa volti chache tu, unapita kwa sehemu ya sekunde. Upinzani ni mkubwa pale yanapogusana, kwa hiyo chuma kinayeyuka hapohapo. Usiachie kabla hakijaganda. Na ongeza umeme polepole: ukiuzidisha mara mbili, joto huwa mara nne. Viwanda huunga bodi ya gari hivyo, nukta maelfu.

Kabla ya kazi ya mteja, unga mabaki mawili uyang'oe kwa koleo. Nukta nzuri hutoboa bati moja na kubaki kama kifungo kwenye lingine. Likibanduka bila alama, umeme haukutosha au hukuondoa kutu na rangi. Bati la zinki huchafua ncha, zipige tupa. Moshi wake usiuvute kabisa.

Mageti mazito, endelea na bageti. Ila fundi umeme aangalie kwanza waya zako, mashine hii inavuta umeme mwingi kwa ghafla.