Kumsemea baba aliyekuwa rubani wa jeshi: yaliyonipata Bombo

Pole sana ndugu yangu, wewe na nyumba nzima. Umeuliza utasema nini Jumamosi kwenye arubaini ya mzee wako huko Arua, rubani mstaafu, na umepewa dakika kumi mbele ya watu wa kila aina. Mimi nilisimama mahali kama hapo Bombo, baba yangu naye rubani. Siku ya maziko niliharibu, kwenye arubaini nikajirekebisha kidogo. Acha nianze na nilivyoharibu.

Nilisoma orodha. Alijiunga na jeshi la Uganda miaka ya sitini, Waisraeli wakamfundisha kurusha Fouga, ndege ndogo ya jeti ya mafunzo, wakafukuzwa 1972, akahamia MiG, ndege za kivita za Warusi, akakaa Entebbe, akakaa Gulu, akakimbia 1979, akarudi, akafa. Dakika nne nimemaliza. Nilipoketi, shangazi akaninong'oneza: "Umetusomea barua ya kuomba kazi."

Kisha akasimama mgeni mmoja mwenye cheo, ambaye sidhani kama aliwahi kunywa chai na baba hata siku moja, akashika kipaza sauti na kumfanya shujaa wa Entebbe. Ati usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja kuchukua mateka wao, marehemu alikuwa pale pale uwanjani. Mama akainua uso, akautazama mkeka tena. Nyumbani sote tunajua kwamba usiku ule baba alikuwa Gulu, amelazwa na malaria, na habari za MiG kulipuliwa zikiwa zimeegeshwa alizisikia redioni kama raia yeyote. Alikuwa akiisimulia mwenyewe huku anacheka, kisha kicheko kinakatika, maana baadhi ya askari waliouawa pale alikuwa amekula nao sahani moja. Ningeyasema hayo mimi kwanza, mgeni angekosa pa kuchomeka uongo wake.

Kwa hiyo miaka ya Amin usiiruke. Najua utashawishika kuiruka. Chini ya turubai hilo atakuwapo mtu ambaye kaka yake alitiwa kwenye buti la gari na hakuonekana tena, na atakuwapo mwingine aliyepigwa kambini baada ya Amin kuondoka kwa sababu tu ya kabila lake. Wote wawili watakuwa wanasikiliza utakavyopita hapo. Kwenye arubaini nilisema hivi: baba alilitumikia jeshi la serikali iliyokuwepo, kuanzia mapinduzi ya Januari 1971 mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alirusha ndege. Yako mambo aliyoyaona kambini ambayo hakutusimulia, nami sitayabuni. Nikanyamaza kidogo, nikaendelea. Hakuna aliyeinuka kuondoka.

Lakini kilichowafanya watu wasogeze viti ni bilauri.

Tuliporudi kutoka ukimbizini, upande wa Yei kule Sudan, hakukuwa na wa kumrudisha angani. Akapata kazi ya kuendesha kinu cha kusaga mahindi, baadaye akanunua Peugeot 504 kuukuu ya dizeli. Kabla ya kuiwasha aliizunguka. Kila asubuhi, bila kukosa, anaanzia mlango wa dereva, anakuja mbele, anapita upande wa pili, anarudi kwa nyuma, mkono unapita juu ya bati kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Kila tairi teke moja. Kisha anamimina dizeli kidogo kwenye bilauri na kuiinua kwenye jua. Siku zile mafuta ya kwenye madebe barabarani yalikuwa yanachanganywa na maji, na maji ni mazito kuliko dizeli: yanazama, yanakaa chini, unaona mstari. Akiuona mstari, safari hakuna. Bilauri hiyo mama aliipaka rangi yake ya kucha kwenye kitako, nyekundu, ili mtoto asije akainywea. Dada yangu alichelewa nikaha yake mwenyewe saa mbili kwa sababu ya mstari wa unene wa ukucha, na bwana harusi, ambaye sasa ni shemeji yetu mpendwa, alidhani tumebadili mawazo.

Nilipolieleza hilo, wazee wa kikosi cha anga waliokuwa wamekaa pamoja upande wa kushoto walianza kugusana mabega. Wao walijua anachofanya. Ndivyo walivyofundishwa kuikagua ndege kabla ya kupanda, mpaka na sampuli ya mafuta. Sisi tulidhani ni ukaidi wa mzee.

La pili ni lugha, na hili hata sikulipanga. Wewe wajua Kiswahili kilivyo hapa kwetu. Ni lugha ya jeshi tangu enzi za KAR, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, na kwa mtu wa Kampala wa rika fulani ukikitamka anakumbuka kizuizi cha barabarani na bunduki kifuani. Mke wangu ni Muganda, na baba yake kwa miaka mingi hakutaka kukisikia sebuleni mwake. Sitamlaumu. Sisi kwetu tulisema Kinubi na bibi, Kiganda sokoni, Kiswahili na baba, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha mzaha. Akirudi kutoka kinuni, mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, anasimama kwenye mlango wa jiko:

"Mnara, naomba ruhusa ya kutua."

Mama bila kugeuka: "Zunguka kwanza, chai haijachemka."

Naye huzunguka kweli! Anaizunguka nyumba yote mara moja, mikono ameinyoosha pembeni, sisi watoto nyuma yake kama msafara wa bata, mpaka mnara uruhusu. Nilipoyasimulia hayo, kulikuwa na kijana amewekwa kutafsiri kwa Kiganda. Baba mkwe alicheka kabla kijana hajafungua mdomo.

Kuhusu kiinua mgongo, usikiingize. Baba alifuatilia chake ofisi moja miaka na miaka, kila mara faili "limepanda juu" au "halijashuka". Nilitaka nilitoe lote pale mbele ya wageni wenye magari. Mama akanikataza: karamu ya mtu si mahakama. Hapa hakuna karamu ndiyo maana nakuambia.

Sasa utayapata wapi ya kusema kama nyumbani hakusema mengi? Usiwaendee marubani wenzake. Ni watu wazuri, lakini ukiwauliza habari za baba yako watakupa zao. Mtafute fundi wa chini, yule aliyekuwa anafunga skrubu. Wa kwetu nilimpata mjini Wobulenzi, jicho moja halioni. Akaniambia Fouga ile ilikuwa na mkia kama herufi V, wawili wanakaa mmoja nyuma ya mwingine, na injini zake mbili zilikuwa ndogo. Entebbe iko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, na jua la saa saba likishawaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inakula njia ndefu kabla ya kuinuka. Siku moja baba alikataa kuruka saa hizo matangi yakiwa yamejaa. Afande anafoka, yeye kasimama tu kando ya bawa. Wakaruka kesho yake alfajiri.

Na kingine, akasema, baba yako hakupanda ngazi kabla hajauliza nani amefunga magurudumu leo. Anataka jina. Ukimtajia anakwenda kumpa mkono huyo mtu, hata kama mkono una grisi.

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote baba alipokuwa akitupa mkono mlangoni, mmoja mmoja, kabla ya safari yoyote, nilidhani ni adabu ya kizamani.

Basi wa kwenu yupo mahali fulani, Arua au Gulu au Soroti. Waulize wazee wa msikitini, watakuwa na namba yake. Mpigie leo, na upige kabla ya isha, wazee hawa hulala mapema.