Mnaoandika maisha ya mwanasiasa wa jimbo Marekani, msikimbilie Washington

Kwa nyie mnaoanza kusoma historia ya Marekani ya karne ya 19 na mmepewa kazi ya kuandika maisha ya mwanasiasa wa jimbo, nawaomba sana mkae jimboni kwanza. Nimesoma kazi nyingi za wanaoanza na karibu wote wanapita haraka jimboni wakidhani mambo yenyewe yako Washington.

Mchukueni Robert Smalls wa South Carolina. Alizaliwa mtumwa, Beaufort, 1839. Kisa chake maarufu ni kile cha alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya Kusini yenye watumwa na ya Kaskazini, alipoondoka na meli ya jeshi la Kusini aliyokuwa akifanyia kazi, Planter, pale bandari ya Charleston, kavaa kofia ya kapteni, akapita mbele ya ngome ya Fort Sumter anapiga honi zilezile za ishara alizozizoea kazini, mkewe na watoto wamo ndani, kufika kwenye meli za Kaskazini akapandisha shuka jeupe. Kitamu kweli, ila usipoangalia kinakumalizia kurasa zote na siasa hata hajaanza.

Siasa yake anza nayo 1868, vita vimeisha na utumwa umefutwa, kwenye mkutano wa kuandika katiba ya jimbo. Wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na Smalls, ambaye kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani, akaleta hoja jimbo liwe na shule za umma za bure kwa watoto wote. Tulia hapo jamani, maana kabla ya vita sheria ya jimbo hilohilo ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika! Kwangu mimi hii inaipita hata ile ya meli.

Mwaka huohuo akaingia bunge la jimbo, 1870 akaenda seneti. Sasa angalieni, hiyo ni seneti ya jimbo, kule Columbia, mji mkuu wa South Carolina. Seneti ya Marekani hakuwahi kukaa, Washington alikuwa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1875. Hili linachanganywa sana.

Halafu msifiche kesi yake. 1877 alihukumiwa kwa rushwa ya dola 5,000 ya enzi zake za useneta, 1879 gavana akamsamehe. Iandike yote, na useme wazi kwamba wapinzani wake ndo walikuwa wameshika jimbo, msomaji apime mwenyewe.

Na usiishie bungeni Washington, rudi naye jimboni 1895. Katiba mpya inaandikwa ili kuwanyang'anya weusi kura, wajumbe weusi wamebaki 6 kati ya 160. Wajumbe weupe wanataka kupiga marufuku ndoa za weusi na weupe, Smalls akasema sawa, basi na mzungu anayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo cha umma. Wakakataa. Naye katiba ile hakuisaini. Ukipata nakala, weka vifungu vya kura vya 1868 na vya 1895 pembeni kwa pembeni, ndo uanze kuandika.