Kwa wasaidizi wa sheria wapya: mwananchi anapomlalamikia askari

Wenzangu mnaoanza kazi hii hapa Pemba, lalamiko dhidi ya askari mara nyingi haliletwi na mwenyewe. Huja mama yake au mkewe, jioni, na jambo la kwanza anaomba jina lisitajwe. Mpokeeni. Msianze kumuuliza kijana wake alifanya nini. Hata aliyeiba ana haki ya kutopigwa kituoni.

Matibabu yatangulie. Majeruhi huambiwa alete PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, na fomu hiyo inatoka polisi, ndiyo maana wengine hubaki nyumbani na maumivu yao kuliko kurudi kwa waliowapiga. Msindikizeni, ikibidi kituo kingine, na daktari aandike siku hiyo hiyo alichokiona mwilini. Uvimbe ukishanywea, ushahidi umekwenda.

Kisha andikeni: kituo gani, saa ngapi, namba ya askari kama ilionekana, nani alikuwepo. Alichokiona shahidi kwa macho yake kikae mbali na alichosimuliwa. Nalisisitiza hili kwa sababu mitaani kwetu habari hukua usiku mmoja, na neno moja lililotiwa chumvi linatosha kuliangusha lalamiko zima.

Mkuu wa kituo hupokea malalamiko, lakini hapo polisi wanajichunguza wenyewe. Kenya ina IPOA, chombo cha kiraia cha kuwasimamia polisi tu, kwa sheria ya 2011. Sisi tunaitegemea Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye kazi nyingine nyingi. Iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2001, na mamlaka yake yanafika Zanzibar. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo msikubali mtu azungushwe kwa kuambiwa kwamba hayo ni ya Bara. Ulizeni mapema kama kesi iko mahakamani, maana ikiwa huko Tume haiigusi.

Mlalamikaji aambiwe ukweli: Tume inachunguza na kupendekeza, haimfukuzi askari kazi. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, waliolalamika kuhamishwa kwa nguvu, walipata mapendekezo ya Tume, Serikali ikayakataa, na wakalazimika kwenda mahakamani. Katika muda huo mrefu familia itashawishiwa wayamalize kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao. Kusamehe ni uamuzi wao, si wenu wala si wa sheha, ila wasitie saini karatasi ambayo hawajasomewa. Na kila barua mnayoipeleka Tume, rudini na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, yenye tarehe.