Barua kwa mwanangu: gobore kama bunduki ya kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeona heri nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, maana maneno ni mengi. Unasema wenzako wa kazini huko Pittsburgh huingia msituni kila mwaka baada ya Krismasi kuwinda kulungu kwa magobore, zile bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, safari hii wamekualika, nawe hujawahi kumiliki bunduki ya aina yoyote. Unauliza uanze na gobore, au utangulize bunduki ya kawaida ya risasi za kasha, zilizofungwa pamoja na baruti yake, gobore lije baadaye.

Anza na gobore, mama. Tena chukua la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe, si la fataki, linalowashwa kwa kikofia kidogo cha kulipuka, wala si yale ya kisasa yanayofungwa darubini.

Ila kuna sababu moja sitaki iwe ndiyo iliyokuvuta. Mwenzako amekwambia gobore halina makaratasi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Sheria ya bunduki ya Marekani ya mwaka 1968 haizihesabu kama silaha za kawaida zile bunduki za kushindilia zinazotumia baruti nyeusi na zisizoweza kupokea risasi za kasha, ndiyo maana sehemu nyingi mtu huagiza na kuletewa mlangoni. Lakini kila jimbo lina sheria zake. Ukivuka mto Delaware kuingia New Jersey, gobore ni bunduki kama nyingine na mnunuzi hudaiwa kitambulisho cha mnunuzi wa bunduki. Na hapo kwenye jimbo lako, Pennsylvania, huwezi kupata leseni yako ya kwanza ya uwindaji kabla ya kufaulu mafunzo ya uwindaji, kisha msimu wa magobore una kibali chake cha ziada juu ya leseni. Fanya mafunzo hayo kwanza, hata kabla hujaingia dukani. Gobore hupeleka donge la risasi lenye upana wa karibu nusu inchi, na donge hilo linaua mtu sawasawa na risasi ya bunduki yoyote ile. Liheshimu hivyo, lifungie hivyo.

Sasa kwa nini gumegume? Kwanza, msimu wenyewe ndivyo unavyotaka. Pennsylvania ilianzisha uwindaji huo mwaka 1974, na hadi leo ule wa baada ya Krismasi ni wa mtambo wa kuwashia wa gumegume peke yake, kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) kuanzia .44. La fataki ungeruhusiwa nalo mwezi Oktoba, lakini hukualikwa Oktoba. Watu wengi hununua bunduki wanayoisifia wauzaji, kisha wakakuta msimu walioutaka hauiruhusu.

Sababu ya pili naipa uzito zaidi. Ukivuta kifyatuo cha gumegume, nyundo inalipiga jiwe kwenye bamba la chuma, cheche zinaangukia kwenye kisahani, baruti ya kisahani inalipuka mbele ya macho yako, moto unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, ndipo shindo linatoka. Yote hayo hayamalizi sekunde moja, lakini yanatosha kumfanya mtu afumbe macho na kuinua shavu, na risasi ikaenda kwingine. Mpigaji lazima aendelee kulenga mpaka moshi utoke. Tabia hiyo ukiijenga mwanzoni, bunduki yoyote utakayoshika baadaye utaipiga vizuri. Aliyeanza na bunduki ya risasi nyingi huona taabu kujifunza jambo hilo ukubwani.

Nilikuwa nakusimulia magobore yaliyofika Unyamwezi na misafara kutoka pwani katika karne ya 19. Utaratibu ni uleule. Hapo ulipo, mafundi wenye asili ya Kijerumani wa Lancaster walikuwa wakitengeneza bunduki ndefu za mifuo, yaani michirizi inayozunguka ndani ya mtutu, za namna hiyo tangu karne ya 18, na nakala nyingi za leo zinafuata umbo la kazi zao. Hilo nalipenda, siwezi kukuficha.

Ukienda kununua, pesa yako iende kwenye mtambo. Mbao nzuri na shaba ya kung'aa haviwashi baruti. Na kama bunduki imeshatumika, kabla ya lolote hakikisha haina kitu ndani. Ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ugote, weka kidole pale unapoishia mdomoni mwa mtutu, utoe, kisha uulaze kwa nje ya mtutu kidole kikiwa palepale. Ncha yake ifike usawa wa tundu la moto, au izidi kidogo. Ikiishia kabla ya kufika hapo, kuna kitu kimeshindiliwa humo. Ielekeze pasipo na mtu, mwambie mwenye duka, usiiguse tena. Bunduki zilizokaa darini na risasi ndani miaka mingi si hadithi.

Ikiwa ni tupu, omba ruhusa ufyatue bila baruti. Simama penye kivuli uangalie cheche. Unazitaka nyingi, nyeupe, ziingie ndani ya kisahani. Zikiwa chache na nyekundu, au zinarukia pembeni, huenda jiwe ni butu, au bamba halikufanywa gumu vizuri kwa moto na maji. Muombe abadilishe jiwe ujaribu tena. Jiwe ni kitu cha bei ndogo. Bamba bovu litakusumbua kila asubuhi ya baridi.

Halafu wewe ni wa mkono wa kushoto. Mtambo wa kawaida uko upande wa kulia, na shavu lako litakuwa upande huohuo, karibu na kisahani kinapolipuka. Wapo watengenezaji wanaotoa mtambo wa kushoto. Subiri upate huo, hata kama itachukua miezi. Na kushoto au kulia, miwani ya kukinga macho usiivue, na masikio uyazibe.

Kaliba chukua .50, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana kila mahali. Uliza pia mifuo ya ndani ya mtutu inazunguka kwa kasi gani. Risasi ya duara inayofungwa kwenye kitambaa hupenda mzunguko wa taratibu, mmoja kwa inchi 60 au 66. Mzunguko mmoja kwa inchi 48 unakubali ya duara na ndefu pia. Ile ya inchi 28 ni ya bunduki za kisasa, iache.

Baruti iwe nyeusi halisi. Zile mbadala kama Pyrodex zinahitaji joto kubwa kuwaka, na cheche za gumegume mara nyingi hazitoshi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isikaribie kabisa gobore lako: itapasua mtutu ulioushika. Uliza mapema duka gani la karibu linauza baruti nyeusi, maana mengi hayaweki. Kiasi cha kutumia fuata kitabu cha mtengenezaji, upime kwa kipimo kila mara, usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti. Cheche iliyobaki mtutuni ikishika pembe nzima, mkono unaondoka nayo.

Ukishapata kiasi chako, chora alama kwenye mdeki pale unapoishia risasi ikiwa imekaa juu ya baruti. Alama hiyo itakuonyesha kila mara kama risasi imefika chini. Ikibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Na ikitokea umefyatua bila shindo, baki umeielekeza kwenye shabaha dakika nzima. Moto wakati mwingine huchelewa.

Kuisafisha ni siku ileile uliyopiga, hata kama ni risasi moja, hata kama umerudi usiku umechoka. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kutu huanza mapema sana. Maji ya moto na sabuni, vitambaa mpaka kitoke cheupe, kausha, paka mafuta. Ukiona kazi hiyo hutaiweza, niambie sasa tuachane na gobore, sitakulaumu.

Msituni usimpige kulungu aliye zaidi ya yadi 75 mwaka huu wa kwanza. Una risasi moja, na mnyama aliyejeruhiwa anateseka.

Mdeki imara wa kutumia uwanjani na mawe ya akiba nitanunua mimi. Wewe nipimie kitu kimoja: kunja mkono wa kushoto, upime kutoka ndani ya kiwiko mpaka kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada, unitumie urefu huo. Vitako vingi vya bunduki vimekatwa kwa wanaume warefu, na nataka kujua chako kipunguzwe kiasi gani kabla hujalipa.

Baba