Maswali na Majibu: Kulitembea Jiji kwa Nauli ya Basi

Nataka kuizunguka Dar es Salaam bila kutumia hata shilingi moja. Nianzie wapi?

Swali hili huletwa kila mara, na karibu kila mara mwulizaji hataji anakoishi. Mtu wa Gongo la Mboto na mtu wa Tegeta hawawezi kupewa njia moja. Nauli utailipa, kwa kuwa konda naye ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri wake. Kilicho bure ni jiji lenyewe, pale utakaposhuka. Tafadhali andikeni mnakoanzia safari.

Naishi Kimara na nina nusu siku ya Jumapili. Naweza kuona nini?

Wewe umeuliza vizuri. Panda mwendokasi wa Kivukoni mnamo saa mbili asubuhi, ushuke mwisho wa njia, kisha ufuate barabara ya ufukweni kwa miguu, bahari ikiwa kushoto kwako. Utalikuta Kanisa la Kilutheri la Azania Front, na mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamekamilika mwaka 1902. Jumapili kuna ibada, kwa hiyo ingia kwa heshima au subiri watu watoke. Endelea hadi Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 zama za Sultani Majid wa Zanzibar, ukazitazame kuta zake za mawe ya matumbawe na milango ya kuchongwa.

Kutoka hapo rudi kwa Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari, nami nakusihi usiipite kama wanavyoipita maelfu wanaowahi magari ya Posta. Mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916. Huyu askari wa shaba alisimamishwa mwaka 1927. Sogea karibu. Singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini, na kwenye msingi kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayowakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Nimewahi kusimama hapo na kijana aliyezaliwa Ilala ambaye hakujua kwamba kuna maandishi ya Kiswahili. Aliyasoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata mistari.

Je, Kariakoo kuna cha kutazama kwa mtu asiye na fedha ya kununua?

Kipo. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi hao hao, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Inua macho ulitazame Soko Kuu, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021: paa lake ni mithili ya miamvuli iliyogeuzwa juu chini. Kwa mwendokasi, shuka Gerezani.

Pantoni ya Kigamboni ni bure?

Si bure, ila nauli yake ni ndogo.

Nikifika mwisho wa njia nikabaki kwenye daladala ili nirudi nalo, nitalipa tena?

Ndiyo. Hiyo ni kugeuza nalo, na kila upande una nauli yake. Usibishane na konda kwa jambo unalolijua.

Kuna ufukwe ambao sitaulizwa kiingilio?

Coco Beach. Panda daladala la Masaki, umwombe konda akushushe jirani, kisha utembee kuelekea baharini. Naongeza jambo ambalo hukuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ziko sehemu za pwani yetu ambako mwananchi anakutana na ukuta kabla hajaona maji. Asiye na gari ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ametumia saa mbili barabarani na hana uwezo wa kwenda ufukwe mwingine. Mkikuta njia ya zamani ya kuingilia baharini imezibwa, pelekeni malalamiko serikali ya mtaa kwa maandishi, tena mkiwa wengi. Na mkiondoka Coco, ondokeni na chupa zenu.

Je, ni salama?

Nimelijibu hili mara nyingi mno. Simu usiichezee dirishani gari likiwa kwenye foleni, begi livae kifuani, na epuka kusafiri kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni siku za kazi, watu wanapogombania milango.

Naruhusiwa kupiga picha popote?

Hapana. Ukishuka Kivukoni uko jirani na Ikulu na bandari, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni mpaka ufike makanisani, na ukimwona askari ambaye si wa shaba, muulize kwanza.